Miche ya ndimu ya watoto wa wachimbaji

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama mnaobaki na watoto, leo siandiki juu ya bei ya dhahabu. Ni juu ya kipepeo. Msicheke kwanza.

Kule Gede, pwani ya Kenya, wakaaji wengi wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke walitaka ukatwe, wapate mashamba. Mwaka 1993 ukaanza mradi unaoitwa Kipepeo. Wakulima wanakamata vipepeo wachache, wanangoja watage, wanalisha viwavi. Kiwavi akisha kujifunga ndani ya ganda lake, anauzwa Ulaya na Marekani, fasi watu wanalipa kiingilio ili watazame vipepeo. Feza inaingia, msitu unabaki.

Lakini kazi yote inasimama juu ya majani. Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, Papilio demodocus, anaonja jani kwa miguu kabla ya kutaga. Anatafuta ndimu, chungwa na jamaa zao. Mtoto wake akiwa mdogo anafanana na mavi ya ndege. Akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anatoa pembe yenye harufu kali. Mpe majani ya muhogo, atakufa njaa.

Hapa ndipo masomo yetu ya Kabambare yangeweza kuingia. Mbegu ya ndimu haiuzwi, kopo linaokotwa, rula iko ndani ya mfuko wa mwanafunzi. Kila juma apime urefu wa mche, ahesabu majani, ahesabu mayai. Asipopima ataweka viwavi 20 juu ya mche wa majani 15, na wote wataisha. Sisi wenyewe tunajua: asiyepima mchanga wake anaibiwa.

Watoto wasiahidiwe feza, lakini. Ganda linakaa kama juma mbili tu kabla ya kupasuka, na barabara zetu mnazijua. Tena mwaka 2016 Tanzania ilikataza kuuza nje wanyama hai, na wafugaji wa vipepeo wa Amani, milima ya Usambara, wakabaki bila soko. Soko la mbali ni hivyo, hata kwa dhahabu.

Msitu ndio ninaoutazama. Tunakata miti kushikilia mashimo, na ndani ya misitu ya Kongo anaishi Papilio antimachus, kipepeo mkubwa kupita wote wa Afrika, mabawa yanapita sentimita 20. Mtoto aliyehesabu majani ya ndimu atauliza huyo naye anakula nini.

Na mama mwenye ndimu uani asiogope: viwavi watahamishwa kwenye miche ya masomo, mti wake hautamalizwa.