Steringi wa Muhogo Mchungu

Vijana wa Kariakoo wana neno lao kwa mtu anayeshika nafasi ya kwanza katika picha ya sinema. Humwita steringi. Kwa kanuni ya vijana hao steringi hafi: hupigwa, huangushwa, hutumbukizwa mtoni, na mwisho huinuka akawalipa adui zake wote. Tuliwauliza baadhi yao, wale wauzao picha katika mitaa ya Aggrey na Livingstone, ni nani waliokuwa masteringi wa mwanzo wa mji huu. Wakatutajia Wahindi na Wamarekani, kisha wakamtaja marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012 na mji mzima ukasimama kumzika. Hapana hata mmoja aliyemtaja Rashidi Mfaume Kawawa.

Hatuwalaumu. Jina hilo wanalijua sana, ila wanalijua kwa njia nyingine: wanapanda magari ya abiria katika Barabara ya Kawawa, kutoka Morocco kupita Kinondoni na Magomeni hadi Ilala, wamesoma shuleni kwamba alikuwa Waziri Mkuu, na wazee wao wangali wakimwita Simba wa Vita. Lakini kwamba Simba huyo aliwahi kusimama mbele ya kamera, akajifanya kijana wa shamba aliyepumbazwa na mji wa Dar es Salaam, hilo limesahauliwa na wengi. Nasi twaona kwamba kisa hicho chafaa kuelezwa tena, maana kinawahusu wafanyakazi kuliko watu wengine wowote.

Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika nchi ya Songea. Baba yake alikuwa mwindaji wa tembo, na yeye alikuwa mtoto mkubwa wa nyumba yenye watoto wengi. Alisoma Liwale, kisha Dar es Salaam, kisha akapata nafasi katika shule ya Serikali ya Tabora, ambako walisoma vijana wengi waliokuja baadaye kuishika nchi. Alipomaliza, njia ya kwenda Makerere ilikuwa wazi mbele yake. Hakwenda. Walikuwapo wadogo zake wa kusomeshwa, na mtu wa kuwasomesha alikuwa yeye. Basi akaja Dar es Salaam kuwa karani wa hesabu katika idara ya ujenzi ya Serikali, na muda si mrefu akahamia Idara ya Ustawi wa Jamii. Huko ndiko alikokutana na sinema.

Yatupasa kueleza kidogo sinema ya nyakati zile ilikuwa nini kwa Mwafrika. Katika miji yalikuwapo majumba ya picha, na watu walilipa senti zao wakatazama mabwana wa Kimarekani wakipigana bastola. Serikali ya Kikoloni haikuipenda sana sinema ya namna hiyo. Ilitaka picha za kufundisha: namna ya kulima, namna ya kuchimba choo, namna ya kuweka fedha akiba. Jaribio la kwanza kubwa lilifanyika katika nchi yetu wenyewe, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, ambako Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walitengeneza picha fupi 35 kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Wachezaji walikuwa Waafrika, lakini maneno hayakutoka vinywani mwao. Yalitoka katika sahani ya santuri iliyopigwa kando ya mashine. Hebu msomaji afikirie: mtu anaonekana akisema, na sauti ni ya mtu mwingine.

Baada ya vita kuu ya pili likaja gari la sinema. Waliozaliwa mapema watalikumbuka. Gari lafika kijijini jioni, shuka jeupe latundikwa kati ya miti miwili, injini ya umeme yaanza kunguruma, na watoto wamekwisha kukaa chini mbele kabisa kabla jua halijatua. Mtu mmoja husimama na kipaza sauti kueleza mambo yanayopita katika shuka, na kuwajibu wanaouliza. Kazi hiyo ya gari la sinema ndiyo aliyoifanya Kawawa, kuzunguka na picha na kuzionyesha kwa watu. Sisi twaamini kwamba hapana chuo kizuri cha uchezaji kupita hicho. Mtu aliyesimama usiku mbele ya halaiki, akasikia wapi wanacheka na wapi wananyamaza, hahitaji kuambiwa na bwana yeyote nini kitawagusa.

Mapema katika miaka ya 1950 Serikali iliamua kutengeneza hadithi kamili, zenye wachezaji wanaosema Kiswahili kwa sauti zao wenyewe. Mafundi waliletwa kutoka kampuni moja ya picha ya Afrika ya Kusini. Hadithi zilikuwa kadhaa: Chalo Amerudi, Dawa ya Mapenzi, Meli Inakwenda, Wageni Wema. Iliyobaki katika vinywa vya watu ni Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952, na aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa Kawawa, karani mwenye umri wa miaka 26.

Jina la picha hiyo lilichaguliwa vizuri, na aliyelichagua alijua chakula cha watu. Muhogo mchungu kwa sura haupambanuki na mtamu. Mgeni huung'oa, akauchoma, akaula, na usiku huo huo akajuta. Mwenyeji huuloweka na kuuanika ukawa makopa, kisha akautwanga, na unga wake hauna madhara. Akina mama wanaouza makopa Kariakoo hawahitaji kuelezwa jambo hili. Ndivyo ulivyokuwa mji katika hadithi ile: kijana anatoka shamba, anakuja Dar es Salaam na matumaini yake, na wajanja wa mjini wanamla kabla hajajua aloweke nini na aanike nini.

Mji wenyewe ulikuwa ukifurika. Mwaka 1948 walihesabiwa watu kama 69,000. Mwaka 1957 walikuwa zaidi ya 128,000. Waliokuja hawakukaa Uzunguni wala Uhindini. Walivuka uwanja wa Mnazi Mmoja wakaingia Kariakoo, mtaa ulioitwa kwa jina la kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, wakapanga chumba kimoja watu watano au sita. Serikali iliwatazama kwa hofu. Ilikuwa na sheria ya kuwarudisha kwao wale isiowataka, na askari walizipita nyumba wakiwauliza watu kazi zao. Kwa hiyo twaweza kusema bila kumwonea mtu kwamba picha ile, pamoja na kuchekesha kwake, ilikuwa na ujumbe uliompendeza bwana aliyeilipia: kijana, kaa shamba kwenu, mji haukufai.

Lakini mchezaji si mali ya mwenye picha. Hapo ndipo kisa hiki kinapopata ladha.

Katika nchi ya Ireland alikuwapo mtu aliyejulikana kwa jina la jukwaani la Barry Fitzgerald. Alizaliwa Dublin mwaka 1888, na kwa miaka mingi alikuwa karani wa Serikali kama Kawawa. Mchana aliandika mafaili, usiku akacheza katika jumba la Abbey, ambalo Waireland walilianzisha ili michezo yao isemwe na watu wao wenyewe wakati nchi yao ingali chini ya Uingereza. Mwaka 1929 aliacha ukarani akawa mchezaji wa siku zote, akaenda Hollywood, na kwa picha ya Going My Way ya mwaka 1944 akapewa tuzo ya Oscar. Huyo aliacha faili akafuata jukwaa, na nchi yake ikamsifu kwa haki. Mwenzake wa Dar es Salaam aliacha faili na kamera vyote viwili, akafuata njia ya tatu.

Maana wakati huo huo alipokuwa akionekana katika shuka jeupe kama mshamba aliyeibiwa, Kawawa alikuwa kiongozi katika chama cha Waafrika watumishi wa Serikali. Oktoba 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana kuwa shirikisho moja, Tanganyika Federation of Labour, na Katibu Mkuu wake wa kwanza akawa yeye. Mwaka 1956 aliacha kazi ya Serikali, mshahara na heshima yake, ili awatumikie watu ambao mshahara wao haukutosha kodi ya chumba. Na watu hao ni kina nani? Ni wale wale wa hadithi: vijana waliotoka Rufiji, Songea, Morogoro na Unyamwezi, wakawa wapishi na madobi katika nyumba za wakubwa, wahudumu wa mahoteli, wapakuzi wa bandarini. Desemba 1956 wafanyakazi wa mahoteli na watumishi wa nyumbani waligoma katika mji huu. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma, shirikisho liliwaomba watu wasinywe bia, na watu hawakunywa. Kijana wa Muhogo Mchungu alidanganywa kwa sababu alikuwa peke yake. Huku nje ya picha wenzake walikuwa wamekwisha kupata kadi za chama.

Yaliyofuata yanajulikana, nasi tutayapita upesi. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria, akawa Waziri, na tarehe 22 Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu ili akakijenge chama, Kawawa akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Baadaye alikuwa Makamu wa Rais, kisha Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977, na Katibu Mkuu wa CCM kuanzia 1982 hadi 1990. Ulimwengu hupenda kusimulia habari za Ronald Reagan wa Marekani, mchezaji sinema aliyekiongoza chama cha wachezaji wenzake, kisha akawa Rais mwaka 1981. Kisa kizuri. Ila mchezaji sinema wetu, naye kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikwisha kuiongoza Serikali miaka 19 kabla ya hapo, naye hakupata mtu wa kumwandikia vitabu vingi kama mwenzake.

Hata hivyo hatuandiki sifa tupu. Waziri Mkuu aliyetoka katika migomo ndiye aliyekuwa madarakani mwaka 1962 zilipotungwa sheria za kuufanya mgomo kuwa jambo gumu, na mwaka 1964 shirikisho lile alilolilea lilivunjwa, pahali pake pakawekwa NUTA, chama kimoja chini ya mkono wa Serikali. Wapo waliosema kwamba nchi changa haikuweza kuvumilia bandari na reli kusimama kila mwezi, na hoja yao ilikuwa na uzito. Chakula cha watu kilipita humo. Wapo wafanyakazi waliohisi kwamba mlango walioufungua pamoja umefungwa na mmoja wao kutoka ndani. Sisi twaona kwamba hao wa pili hawakupewa nafasi ya kutosha kusikilizwa.

Na jambo jingine latushangaza kila tulifikiripo. Katika miaka ya 1970, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, Kampuni ya Filamu ya Tanzania, iliyokuwa mali ya umma, ilitengeneza picha iitwayo Fimbo ya Mnyonge. Hadithi yake? Maskini mmoja anaondoka kijijini, anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, hapati, na mwisho anarudi shamba kuishi katika kijiji cha ujamaa. Jina la mkulima limebadilika, mwenye kulipia picha amebadilika, na nia pia, maana kijiji alichorudishwa kilikusudiwa kuwa chake na wenzake. Lakini njia ya basi ni ile ile. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, na watu wasio na vitambulisho vya kazi wakakamatwa katika mitaa ya Kariakoo kupelekwa mashamba. Wengi walirudi mjini baada ya siku chache, kama walivyorudi wale wa zama za Mwingereza.

Mzee Kawawa alifariki katika hospitali ya Muhimbili tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa Madale, katika Dar es Salaam hii hii ambayo picha yake ya ujana iliwaonya watu waiogope. Soko la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa Desemba 1975, liliwaka moto Julai 2021, na walioumia zaidi katika hasara ile walikuwa wachuuzi, watoto na wajukuu wa wale waliovuka Mnazi Mmoja na mzigo kichwani. Kila alfajiri mabasi bado huwashusha wengine.

Tungependa jioni moja shuka litundikwe Mnazi Mmoja, bila kiingilio, karibu na mahali wanapouza kahawa na kashata, na Muhogo Mchungu ionyeshwe. Vijana wa Mtaa wa Aggrey wakae chini mbele kabisa. Wamwone steringi akiibiwa, wacheke wapendavyo, kisha wazee waliokaa nyuma yao kwenye mabenchi wawaambie jina lake.