Mota ya volti 12 kwenye volti 24: faida iko wapi?

WAVUVI wa kujifurahisha nchini Marekani, hasa kwenye mabwawa ambako injini za petroli haziruhusiwi, wana njia ya mkato ya kutafuta kasi. Mota ya umeme ya volti 12 huungwa kwenye betri mbili zilizofuatana, ikapata volti 24. Kwa haraka haraka, gharama ni betri moja ya ziada. Hesabu kamili ni nyingine.

Mota yenye msukumo wa ratili 55 hula takriban ampia 50 kwenye mwendo wa juu, yaani wati 600. Volti zikiongezeka, mzunguko nao huongezeka. Lakini propela ikizunguka kwa kasi maradufu, ukinzani wa maji hupanda mara nne. Hivyo mota hudai ampia 200 na wati 4,800, na joto katika nyaya zake hupanda mara 16. Kwa vitendo haifiki huko, kwani sehemu ya volti hupotea njiani, ila hata nusu ya mzigo huo si mchezo.

Maji hupoza gamba la nje, ndiyo maana baadhi ya mota huvumilia kwa dakika chache. Rota na brashi za kaboni zilizo ndani hazipati nafuu hiyo. Sumaku nazo huweza kudhoofika bila dalili ya nje, jambo la kuangaliwa na anayenunua mota iliyotumika. Zenye kidhibiti mwendo cha kielektroniki huweza kuungua mara tu zinapowashwa, na dhamana ya kiwanda kwa kawaida haigharimii uharibifu huo.

Kwenye betri ndiko fedha inakopotea zaidi. Betri moja ya ampia-saa 100 ikitoa ampia 50 hudumu saa mbili kwa hesabu ya karatasi. Mbili zilizofuatana zikitoa ampia 200 hudumu nusu saa, na betri za risasi zikikamuliwa kwa kasi hutoa pungufu ya hapo.

Boti yenyewe nayo ina ukomo. Chombo kizito chenye urefu wa mita 4 majini hukwama karibu na kilomita 9 kwa saa. Nguvu ya ziada huishia kutengeneza mawimbi. Wanaonufaika ni wenye boti nyepesi zinazoweza kupanda juu ya maji.

Minn Kota, iliyoanzia Fargo mwaka 1934, huuza mota za volti 24 zenye msukumo wa ratili 80, zinazokula takriban ampia 56.