Staa Bila Tiketi

Mwaka wa uchaguzi ukinukia, vijiwe vya Kihonda vinarudi kwenye hoja ileile: kwa nini jimbo tusimpe staa? Machizi wa bodaboda pale Maghorofani wanaamini msanii yeyote mwenye jina akishuka Moro, mji kasoro bahari, akachukua fomu, kazi imeisha. Anajulikana, anajua kuongea, haogopi kamera, na ukimtuma Dodoma hakutii aibu. Wana wa VETA nao wanaongezea: kwanza ana mkwanja wake, hatakuja kutupiga. Basi hapo kila mtu anamtaja wake, huyu mchekeshaji wa TV, yule wa bongo muvi, mwingine mwana hip hop wa kitambo.

Wanangu, kausheni kidogo. Huu mchongo wa kutoka kwenye skrini kwenda mjengoni una watu wameshaupitia, na habari zao ziko wazi. Sisi tunakodolea sura tu, karatasi hatuioni. Karatasi yenyewe ni tiketi ya chama.

Twende Ludewa, kule Njombe. Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, mbunge wa jimbo hilo Deo Filikunjombe akafa kwenye ajali ya helikopta. Uchaguzi wa ubunge pale ukasogezwa mbele na CCM wakaanza upya kumtafuta mgombea. Kati ya waliochukua fomu alikuwemo Emmanuel Mgaya. Jina hilo ukilitaja Kihonda watu watakuuliza ni fundi wa wapi. Sema Masanja Mkandamizaji uone. Huyu ni mwana wa Orijino Komedi, kundi lililoanza na Ze Comedy kule EATV kisha likahamia TBC1, na enzi zake lilikuwa linafunga mitaa. Wenye TV walikuwa wanajaza sebule mpaka watoto wa jirani wanakaa chini. Joti, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan, Vengu na Masanja, kila nyumba ilikuwa na wake. Kwa ustaa huo, mtu ungesema Ludewa ni kitonga.

Akapigwa chini kwenye kura za maoni. Chama kikampitisha Deo Ngalawa, na ndiye aliyekwenda bungeni.

Sasa hapo ndipo vijiwe vyetu vinapochemka hesabu. Mashabiki wa Masanja walikuwa Mwanza, Mbagala, Tunduma na hapa kwetu, ila kura ya maoni ya Ludewa inapigwa Ludewa, na watu wa chama wa kule kule. Ule umati wa sebuleni hauna kadi. Staa anaweza kufahamika nchi nzima na bado akakosa watu wa kumtosha kwenye kata moja. Wema Sepetu naye, Miss Tanzania 2006 na mmoja wa waigizaji wenye kelele kuliko wote nchi hii, mwaka huohuo wa 2015 aliusaka ubunge wa viti maalum kupitia CCM Singida, akatoka kapa. Februari 2017 akahamia CHADEMA, Desemba ya mwaka huohuo karudi CCM. Mtaa ulicheka kinoma. Mimi naona alikuwa anatafuta mlango tu, na milango yote ina mabaunsa.

Maana kwa sheria zetu hakuna njia ya kuzunguka nyuma. Ibara ya 67 ya Katiba inasema mtu anayetaka ubunge awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, halafu awe mwanachama na awe amependekezwa na chama cha siasa. Mgombea binafsi hayupo. Mchungaji Christopher Mtikila alilikomalia hili miaka na miaka: Mahakama Kuu ikampa, Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo waachiwe Bunge, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema Tanzania inavunja haki za watu wake. Mtikila alifariki 2015, na mlango bado umefungwa. Kwa hiyo hata uwe na wafuasi milioni ngapi kwenye simu, bila chama wewe ni mtazamaji kama sisi. Ukiwa na chama nako unakutana na wajumbe wanaopiga kura za maoni. Mnakumbuka 2020 nchi nzima ilivyokuwa inaimba kwamba wajumbe si watu wazuri? Kuna mastaa waliocheka utani ule huku roho zinawauma.

Mnaosema "hiyo ya Ludewa, Moro tofauti", haya, turudi nyumbani. Kihonda tunapigia kura jimbo la Morogoro Mjini. Mwaka 2015 tulikuwa na staa wetu halisi kwenye karatasi, mtoto wa hapahapa, Selemani Msindi. Afande Sele! Mfalme wa Rhymes wa 2004, mchizi aliyeufanya mji huu uheshimike kwenye bongofleva bila kuhama kwenda Dar. Aligombea kwa ACT-Wazalendo, chama ambacho wakati ule hakikuwa hata na miaka miwili. Alikuwa anapambana na Aziz Abood wa CCM, aliyekuwa mbunge tangu 2010. Sasa fikiria: jina la Sele liko kwenye ngoma, la Abood liko ubavuni mwa mabasi yanayopita Msamvu kila siku, liko redioni na kwenye TV yake mwenyewe. Nani staa hapo? Abood akashinda 2015, akashinda tena 2020. Washkaji wengi waliokuwa wanamshangilia Sele jukwaani walimpa makofi, kura wakapeleka kwingine, na wengine hawakwenda kabisa kituoni. Nawajua. Mpaka leo wanalalamikia maji.

Msanii aliyetoboa mkoani kwetu ni Joseph Haule, Professor Jay. Na yake ni tamu kwa sababu aliigiza kwanza. Mwaka 2001 alitoa "Ndio Mzee", ngoma ambayo ndani yake anakuwa mgombea anayemwaga ahadi za kichaa mkutanoni na umati unaitikia tu. Hakuwa mwigizaji wa TV, ila ile ilikuwa tamthilia kamili ndani ya dakika chache, na kizazi kizima kilijifunzia hapo kumcheka mwanasiasa. Miaka 14 baadaye, yeye mwenyewe yuko kwenye jukwaa la kampeni Mikumi, wilaya ya Kilosa, anaomba kura kwa tiketi ya CHADEMA. Akashinda. Jasho lake lilikuwepo, sikatai, lakini 2015 ndio ule mwaka wa Lowassa kuusaka urais na UKAWA nyuma yake, upinzani ulikuwa na mzuka ambao haujawahi kuonekana. Mwaka 2020 mtu ni yuleyule, mistari ileile, jimbo lilelile, akaangushwa na Dennis Londo wa CCM. CHADEMA nchi nzima walitangaziwa jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, na upinzani ukalalamikia uchaguzi ule mpaka kesho. Sugu, mwana hip hop wa Mbeya, aliondoka na wimbi hilohilo. Upande wa pili, mwaka huohuo, MwanaFA aliingia mjengoni kutoka Muheza na meneja wa wasanii Babu Tale kutoka Morogoro Kusini Mashariki, wote CCM. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba MwanaFA anachana kuliko Jay ndio maana kapita.

Ila tiketi siyo ya kuingilia tu. Inakuja na skripti, na hapo inabidi tuvuke mpaka hadi Nairobi, kwa wasee wa Dagoretti.

John Kiarie, wenyewe wanamwita KJ, alitoka Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake wawili, Tony Njuguna na Walter Mong'are, wakaunda kundi la vichekesho, Redykyulass. Walikuwa kwenye runinga ya Nation wakati Moi bado yuko Ikulu, na walichofanya hakuna aliyekuwa amethubutu: Mong'are, yule Nyambane, alimwigiza Rais mwenyewe, sauti, mkono na kila kitu. Kwa Wakenya wa wakati ule, kucheka mbele ya TV ilikuwa ni kupumua. KJ akaona ameiva. Mwaka 2007 akagombea Dagoretti kwa ODM, akashindwa na Beth Mugo, mpwa wa mzee Jomo Kenyatta. Ilimchukua mpaka 2017 kuingia, Dagoretti Kusini, safari hii kwa Jubilee, chama kilichokuwa na upepo wa maeneo yale. 2022 upepo ukahamia UDA, naye akawa UDA, akapita tena, akapewa uenyekiti wa kamati ya bunge ya mawasiliano. Mwenzake Nyambane mwaka huohuo alitaka urais kabisa, tume ya uchaguzi ikamkata kwa ishu ya digrii.

Juni 2024 vijana wa Kenya wakajaa barabarani kupinga muswada wa fedha. KJ akasimama bungeni akasema picha za maandamano yale zimechezewa kwa Photoshop. Maze! Mtu aliyelelewa na kamera anawaambia watu walioko barabarani kwamba picha zao ni feki. Gen Z wakampokea mitandaoni kwa sura zao halisi, wakijitambulisha kwamba wao si Photoshop. Siku chache baadaye, tarehe 25, waandamanaji waliingia ndani ya Bunge lenyewe, na kesho yake Rais Ruto akasema hausaini muswada.

Simtukani KJ. Nasema tu kwamba mchekeshaji anachagua wa kumcheka, mbunge wa chama tawala anachaguliwa wa kumtetea. Anayeingia na ngoma zake akidhani ataendelea kupiga zake, ajue DJ ni mwingine.

Najua mtaniletea Zelensky. Aliigiza kwenye TV mwalimu anayekuwa Rais wa Ukraine, tamthilia ikaanza 2015, na 2019 akawa Rais kweli kwa asilimia 73 ya kura. Poa. Lakini watu wake walisajili chama kwanza, 2018, wakakipa jina la tamthilia ileile. Hata yeye alianza na karatasi.

Kwa hiyo mjadala wa Maghorofani mimi naufunga hivi: staa akija Kihonda na gari la matangazo, usimuulize ngoma gani itafuata. Muulize kadi yake ni ya chama gani, kura za maoni alipata ngapi na nani alimlipia mafuta, na chama chake kikisema ndiyo kwenye jambo linalotuumiza yeye atasema nini. Akianza kutuchekesha badala ya kujibu, tucheke, tupokee fulana, tumnyime.

Na wewe mwanangu unayeigiza sauti za viongozi pale kijiweni mpaka watu wanadondoka, usingoje ubunge. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipita Novemba 27, 2024, na unakuja kila baada ya miaka mitano. Mwenyekiti wa mtaa anatakiwa awe na miaka 21 tu, na kadi ya chama, kama kawaida. Kaitafute mapema. 2029 siyo mbali.