Duka Likiungua, Msifagie Majivu

Nyumba au duka likiungua, sote hukimbilia kusema: "Ni shoti ya umeme!" Je, tumejuaje? Kampuni ya bima haitaki maneno matupu, na hakimu hali kadhalika. Huitwa mhandisi wa umeme aliyezoea kuchunguza moto.

Huyo hutazama nyaya. Shaba huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,085 za Sentigredi. Waya uliopigwa shoti huyeyuka mahali padogo tu, ukaacha kidonge cha mviringo kama ushanga. Kando yake waya ni mzima. Ulioyeyushwa na moto wa nyumba huharibika sehemu ndefu, mnene hapa, mwembamba pale.

Lakini tusidanganyike. Ushanga ule waonyesha kwamba waya ulikuwa na umeme, basi. Pengine moto ulianzia jikoni, ukaunguza mpira wa waya, ndipo shoti ikatokea. Kwa hiyo mtaalamu huuliza pia: ushanga ulikuwa wapi, na moto ulianzia wapi?

Ndiyo maana tunawasihi: moto ukizimwa na umeme ukikatwa, msifagie majivu, wala msiuze nyaya kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tunajua siku hiyo shida ni nyingi, na shaba ina bei. Lakini waya ukishahamishwa, nani atasema ulikuwa wapi?