Mbio au Ngwe? Sitiari katika Istilahi za Uendelezaji Mwepesi wa Programu

Mnamo Februari 2001, wataalamu 17 wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakatoa ilani fupi yenye tunu nne na kanuni kumi na mbili. Ilani hiyo iliweka programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka nyingi, na kuitikia mabadiliko mbele ya kufuata mpango. Tangu hapo, timu nyingi hujenga programu kwa vipande vidogo vinavyokamilika na kuonyeshwa kwa mteja, badala ya kumkabidhi kazi nzima mwishoni.

Juhudi za awali za kuisawazisha lugha ya kompyuta kwa Kiswahili, mathalani tafsiri ya programu za ofisi iliyotolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, zilimpa istilahi mtumiaji wa kompyuta. Mjenzi wa programu hakuwa mlengwa. Matokeo yake ni kwamba mazungumzo ya kikazi ya wajenzi hao huegemea nomino za Kiingereza zinazobebwa na vitenzi vya Kiswahili. Makala haya yanadai kwamba kikwazo kikuu cha kuziba pengo hilo si uhaba wa maneno. Istilahi za uwanja huu karibu zote ni sitiari, na mfasiri anayetafsiri taswira badala ya dhana hurithi pia kasoro za taswira hiyo.

Jina la Skramu, utaratibu unaotumiwa zaidi, halina taabu. Linatokana na mchezo wa raga: Takeuchi na Nonaka, katika makala yao ya 1986 ndani ya Harvard Business Review, waliifananisha timu ya kubuni bidhaa na wachezaji wanaopasiana mpira huku wakisonga mbele pamoja. Jeff Sutherland na Ken Schwaber waliliendeleza katika miaka ya 1990. Kwa kuwa ni jina maalumu, kulitohoa kunatosha, hata kwa msomaji asiyewahi kuona raga.

Neno la msingi, wepesi, lina historia ya kuchekesha kidogo. Kabla ya mkutano wa Snowbird, mbinu hizi ziliitwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya uzito mdogo, na baadhi ya waliohudhuria hawakupenda kuonekana watu wasio na uzito. Ndiyo maana walichagua neno jingine, linaloashiria uchapukaji. Kiswahili kinayarudisha yote mawili pamoja: kivumishi -epesi hubeba kutokuwa na uzito, kutokuwa na ugumu na kuwa na haraka. Msemaji akisema “mbinu nyepesi”, msikilizaji anaweza kuelewa kwamba kazi yenyewe ni rahisi. Unyumbufu ungeepuka utata huo, lakini ungepoteza haraka.

Mahali pengine lugha inafaidika. Mahitaji ya mtumiaji huandikwa kama simulizi fupi inayotaja nani anataka nini, na kwa sababu gani. Tafsiri ya moja kwa moja ni “hadithi ya mtumiaji”, nayo humpeleka msomaji kwenye paukwa na pakawa, yaani kwenye ubunifu. Neno kisa linafaa zaidi. Katika Kiswahili kisa ni tukio linalosimuliwa, na pia ni sababu, anayeuliza “kwa kisa gani?” anadai sababu. Sehemu ya sababu ndiyo ambayo timu huisahau mara nyingi, na neno lenyewe lingewakumbusha.

Istilahi ngumu kuliko zote ni sprint, kipindi cha kazi kisichozidi mwezi mmoja. Tafsiri ya “mbio fupi” ni sahihi kileksika, lakini inapotosha. Kipindi kimoja kikiisha, kingine huanza papo hapo. Na kanuni ya nane ya ilani inataka watu waweze kudumisha mwendo uleule bila kikomo. Hakuna mkimbiaji wa mita 100 anayeweza hivyo. Sitiari ya Kiingereza inapingana na kanuni inayodaiwa kuitumikia, na meneja anayesikia “mbio” ana haki ya kudhani kwamba watu wanapaswa kuhema.

Neno ngwe linastahili kufikiriwa. Ngwe ni kamba, na ni kipande cha shamba alichopimiwa mtu alime. Mkulima haikimbilii ngwe. Huimaliza, kisha hupimiwa nyingine. Wazo la kazi yenye mpaka limo ndani yake bila wazo la kuhema. Hata kiporo hupata nafasi yake hapa. Wanaotaka kulitumia neno hilo kwa orodha nzima ya kazi zinazosubiri wanakosea, kwa kuwa nyingi kati yake hazijawahi hata kuanzwa. Kazi iliyoingizwa katika ngwe na kubaki bila kukamilika ndiyo kiporo hasa, kama magazeti ya michezo yanavyoziita mechi zilizoahirishwa.

Pingamizi lipo, nalo ni zito. Ngwe ya shambani hupima eneo, ilhali katika Skramu kinachopimwa ni muda: tarehe ya mwisho haisogei, bali kiasi cha kazi ndicho huweza kupunguzwa. Mwongozo wa Skramu wa 2011 uliacha kusema kwamba timu huahidi kazi ya kipindi, ukasema huikadiria. Aidha, ngwe ya shamba hupimwa na mwenye shamba au msimamizi, wakati katika Skramu wajenzi wenyewe huchagua kiasi wanachokiweza. Pingamizi la kwanza limeanza kujibiwa na matumizi: watangazaji wa mpira husema “ngwe ya pili” wakimaanisha kipindi cha mchezo, hivyo neno limekwisha kuhama kutoka eneo kwenda muda. La pili bado halijajibiwa, na ofisi ambamo msimamizi bado ndiye anayeshika kamba zitalielewa neno ngwe kwa maana yake ya zamani.