Fahamu: Lugha ya pili inaufanyia nini ubongo?

Pale lango la Marangu, kabla safari ya kupanda Kilimanjaro haijaanza, utamsikia mwongoza watalii akimtania mpagazi kwa Kichagga, akimkumbusha mpishi mboga kwa Kiswahili, kisha akimgeukia mgeni kwa Kijerumani alichojifunza ukubwani. Yote ndani ya dakika mbili.

Ubongo wake hapo una kazi. Mtu wa lugha nyingi anapotumia moja, zile nyingine hazizimiki; zinabaki macho, na ubongo hulazimika kuzizuia zisichomoze. Watafiti wengi wanaamini zoezi hilo la kila siku ndilo lenye faida.

Mwaka 2013, Suvarna Alladi na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 648 wa Hyderabad, India, wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Waliozungumza lugha mbili au zaidi walianza kuonyesha dalili miaka 4.5 baadaye kuliko wenye lugha moja. La kufurahisha zaidi, tofauti hiyo ilionekana hata kwa wasiojua kusoma. Kwa hiyo bibi wa Rombo anayeuza ndizi sokoni kwa Kichagga na Kiswahili naye yumo, hata kama hajawahi kukalia dawati.

Lakini tusitie chumvi. Tafiti nyingine hazikuona tofauti hiyo, na ugonjwa wenyewe hauzuiliki kwa lugha. Dalili ndizo huenda zikachelewa. Na kuhusu kama lugha ya pili hupunguza msongo wa mawazo, ushahidi ni mwembamba zaidi, ingawa darasa la lugha humkutanisha mtu na watu, na upweke unajulikana kuumiza afya ya akili.