Sumu ya Mshale na Mapigo ya Moyo

Kaskazini ya uwanda wa kati, kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe hupaka mishale yao sumu itokanayo na mmea ambao wataalamu huuita Strophanthus eminii. Mnyama aliyechomwa huweza kukimbia mbali na jeraha dogo tu, kisha akaanguka, kwani moyo wake umepoteza mpangilio.

Utando wa kila seli ya moyo una milango ya ioni. Mlango wa sodiamu ufungukapo, sodiamu huingia ghafula na umeme wa seli hugeuka. Kalsiamu hufuata, na msuli hujikunja. Potasiamu hutoka, na seli hutulia ikingoja pigo lijalo. Milango hiyo ingekosa kazi kama isingekuwapo pampu itoayo ioni 3 za sodiamu na kurudisha 2 za potasiamu. Jens Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957.

Sumu ya mshale huizuia pampu hii. Sodiamu hubaki ndani, nayo kalsiamu hurundikana. Kwa kiasi kidogo, moyo hujikunja kwa nguvu zaidi. Kikizidi, seli hujiwasha zenyewe bila kungoja zamu, na mapigo huvurugika.

Dijoksini, dawa ya moyo itokanayo na mmea wa Ulaya, hufanya kazi vivyo hivyo. Hushindania nafasi na potasiamu kwenye pampu. Kwa hiyo mgonjwa aharishaye sana, akipoteza potasiamu, dozi iliyomfaa jana huweza kumdhuru leo.